Mjinga wa Septemba

Wendell Kostiuk hakuwa mtu wa kutazama magoli. Goli, alikuwa akisema, hata mlevi wa kiti cha nyuma analiona. Yeye klabu ilimlipa awatazame chipukizi wa timu ndogo ya Harrow Lake na kusema yupi anafaa kupanda timu kubwa, na miaka thelathini ya kazi hiyo ilimzoesha kufika saa mbili kabla ya mechi, kusimama na kahawa yake mlangoni mwa chumba cha wachezaji, na kutazama mikono. Ukitaka kumjua mcheza hoki ya barafuni, mtazame anavyolizungushia gongo lake la kuchezea tepu.

Jumamosi hiyo macho yake yalikuwa kwa Darcy Okemow, beki wa miaka ishirini, kijana ambaye yeye mwenyewe alimchagua akicheza kwenye barafu ya ziwa huko kwao kaskazini. Darcy alifunga tepu akamaliza, akaliangalia gongo, akabandua tepu yote. Akafunga tena. Akabandua tena.

"Vipi, mmekosana leo, wewe na gongo?" Wendell akamtania.

"Limenuna, mzee. Nalibembeleza."

Wenzake wakacheka. Wendell naye akacheka, ila akazidi kuitazama mikono ile.

Jumanne Darcy alikuwa amebamizwa ukutani na jitu la timu pinzani, kichwa kikatangulia. Akalala pale barafuni hadi watu wakanyamaza. Kisha akainuka mwenyewe, akapunga mkono, uwanja ukalipuka kwa shangwe. Alhamisi akakalishwa mbele ya kompyuta ya daktari afanye ule mtihani wa kichwa: kukumbuka maneno, kupanga maumbo, kubonyeza kitufe taa ikiwaka. Kila mchezaji huufanya Septemba kabla ya msimu, akiwa mzima, na alama zake huwekwa. Akigongwa kichwa anaurudia. Alama zikilingana na za Septemba, anaruhusiwa kucheza. Za Darcy zililingana. Daktari akasaini, na watu wakapeana mikono.

Na wiki yenyewe, loo, ilikuwa si ya kuugua! Beki wa timu kubwa alikuwa amevunjika mguu. Jumatatu chipukizi mmoja angepanda kuchukua nafasi yake, na meneja wa timu kubwa, Halvorsen, alikuwa amekuja mwenyewe kutoka kusini kuchukua karatasi ya Wendell. Jina la Darcy lilikuwa limeshaandikwa humo, tena kwa wino.

Simu ikaita. Alikuwa Bibi Adele, nyanya yake Darcy, aliyemlea tangu akiwa mchanga.

"We Wendell, hilo tumbo bado lipo?"

"Linazidi, Bibi."

"Lizidi tu, ni samaki wangu hao. Sasa sikia, mwambie mjukuu wangu nimesikia. Sijawa kiziwi."

"Umesikia nini?"

"Kwamba huenda Jumatatu akapanda! Kanipigia saa mbili asubuhi kunambia. Nikapiga kelele, nikalia, nikawaamsha majirani. Saa tatu kapiga tena, kanambia upya, kama vile hajanambia. Nikasema ni furaha, mwache. Saa nne, huyo tena! Nikamwambia, baba, hii ya tatu sasa. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, 'Kweli, Bibi?'" Akacheka, lakini kicheko kikakatika mapema. "Ni furaha tu, sivyo, Wendell?"

"Ni furaha, Bibi."

Akairudisha simu mfukoni. Miaka minne nyuma alikula samaki na mkate wa kukaanga mezani kwa bibi huyo. Na bibi huyo alimwambia, bila kupamba maneno, unamchukua mzima, utanirudishia mzima. Yeye akaitikia mdomo umejaa.

Sasa kuna jambo ambalo daktari hakulijua, na Wendell alilijua kuliko mtu yeyote. Mchezaji mwenye nia mbaya anaweza kuudanganya mtihani ule kirahisi mno. Septemba unajifanya mzito. Unasahau maneno mawili matatu, unachelewa kubonyeza, unapata alama za chini. Basi hata ukigongwa Februari, ukajikaza, utazifikia. Wendell alifundishwa ujanja huo na wakongwe mwaka mtihani ulipoanza, naye akaupokea kama anavyopokea mtu siri ya jikoni kwa mama mkwe. Akaona ni huruma. Amewaona wangapi waliokalishwa wiki mbili kwa ajili ya kichwa, na waliporudi kiti kina mtu mwingine? Ndiyo maana kila msimu, kwenye chakula cha kwanza cha jioni katika kambi ya mazoezi, aliwainamia wachezaji wapya na kuwaambia, "Septemba uwe mjinga kidogo. Februari utanishukuru."

Alimfuata Darcy ukumbini, mahali alipokuwa amekaa peke yake akivaa viatu vya kutelezea barafuni.

"Darcy. Ule mtihani wa Septemba uliufanyaje?"

Kijana akatabasamu. "Si ulivyoniambia, mzee? Nilijifanya gogo kabisa."

"Na wa Alhamisi?"

"Alhamisi nilijitahidi kwa nguvu zangu zote."

Wendell akakaa kwenye benchi kando yake. Nguvu zake zote! Nguvu zake zote zilikuwa zimemfikisha pale pale alipofika kwa kujifanya gogo.

"Usiniangalie hivyo, mzee. Kichwa kinauma kidogo tu. Ukisema, sipandi. Huyo anayepanda badala yangu hashuki tena, unajua."

"Najua."

"Basi kaa kimya." Darcy akaanza kujipapasa kifuani, kiunoni, kama anayetafuta kitu. "Mzee, umeiona simu yangu? Sijampigia Bibi. Anastahili kusikia kwangu kwanza."

Wendell alitaka kulia, na hakulia, maana Halvorsen alikuwa ametokeza upande wa pili amevaa koti lake refu, mkono ameshaunyoosha.

"Kostiuk! Leta karatasi. Ni Okemow, sivyo?"

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Daktari kasaini. Wewe umekuwa daktari lini?"

Wendell akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akapita. Chumba cha Dokta Lavallee kilikuwa mwisho wa ukumbi, kina dirisha pana linalotazama barafu. Alifunga mlango akasema yote akiwa amesimama: simu tatu, tepu, Septemba. Hakujificha nyuma ya mtu. "Ni mimi niliyemfundisha," alisema. "Ile alama ya mwanzo ni ya uongo."

Daktari hakupiga kelele. Alitoka, na baada ya dakika chache akarudi amemshika Darcy mkono, gongo limeshachukuliwa. Akamlaza kitandani na kupiga simu ya gari la wagonjwa. Kijana hakugombana naye. Alimgeukia Wendell, machozi yakimtiririka.

"Wewe ndiye uliyenambia," alisema. "Mzee, wewe!"

"Ndiyo, mwanangu. Ni mimi."

"Sasa Bibi nitamwambia nini?"

Wendell akamfunika blanketi, ingawa chumba kilikuwa na joto la kutosha.

Dokta Lavallee alikuwa amesimama kwenye kabati lake la mafaili, mgongo kwao. Akauliza, bila kugeuka, "Huyu ni mmoja. Umewaambia wangapi?"

Wendell alianza kuhesabu kichwani, mwaka hadi mwaka, meza hadi meza, akaona hesabu haina mwisho wake, kwa sababu na wao waliwaambia wenzao. "Wote waliopita kambini kwangu," alisema. "Tangu mtihani uanze, miaka kumi na mmoja."

Daktari akavuta droo. Akaanza kupanga mezani karatasi za Septemba, moja moja, mpaka meza ikajaa. Wendell alisogea akaziona alama. Chini. Chini. Chini. Kipa, chini. Nahodha, chini.

"Nilidhani kila mwaka tunapata watoto wazito tu," daktari alisema. "Tangu Oktoba nimewarudisha wanne uwanjani baada ya kugongwa. Wanne, kwa sahihi yangu."

Alinyakua simu amtafute kocha. Iliita, na hakuna aliyepokea, kwa kuwa king'ora cha kuanza mechi kilikuwa kimelia na watu elfu nne walikuwa wamesimama wakipiga makelele. Mlango wa wachezaji ukafunguliwa. Wakatoka mbio, mmoja baada ya mwingine, helmeti zinang'aa, wakizunguka barafuni wakicheka.

"Njoo hapa dirishani," Dokta Lavallee akamwambia, simu ingali sikioni. "Si kutazama ndiyo kazi yako? Nitazamie, Kostiuk. Niambie yupi mzima."

Wendell akaja dirishani. Aliwatazama mikono, akawatazama miguu, akawatazama nyuso walipopita karibu na kioo. Kila mmoja alikuwa kijana wake, aliyechaguliwa naye. Aliwatazama hadi refa akadondosha barafuni kisahani cha kuanzisha mchezo, na hakujua.