Kuku wa Bosi Tseng

Sahani ya kuku ilipowekwa mezani, kelele za ukumbini zilikatika. Katika karamu za mwisho wa mwaka za Hsinchu, mji wa viwanda vya chipu Taiwan, zamani bosi alielekeza kichwa cha kuku kwa yule ambaye angeachishwa kazi. Siku hizi mabosi hukigeuzia kwao wenyewe, watu wakacheka, wakala. Lakini safari hii kampuni yao ilikuwa imeuzwa, na mnunuzi alikuwa na maabara yake. Alichotaka ni chipu tu.

Liao Shu-chen, mkuu wa maabara ya majaribio, aliwatazama vijana wake. Yeye na Bosi Tseng walianzia juu ya gereji ya pikipiki. Chipu yao ya kwanza ya waifai ilichemka hadi ikaunguza meza. Walipanda na kushuka ngazi wakiwa na antena mikononi, wakitafuta mahali mawimbi yanapopotelea. Sasa chipu zao zilikuwa kwenye nyumba za watu wasiowajua, katika nchi wasizowahi kufika. Tangu habari za kuuzwa zianze, Shu-chen alisali kila asubuhi: Bwana, usiwaache hawa niliowafundisha.

"Bosi, lenga mtu basi, tunakufa njaa!" alipaza sauti Ko-wei, mcheshi wa maabara.

"Akikulenga wewe, hata kuku atageuza shingo," mwenzake akamjibu.

Tseng aliizungusha sahani taratibu. Kichwa kikawapitia wote, mmoja mmoja, kisha kikamtazama yeye. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi.

Shu-chen hakucheka. Mkono wa Tseng ulikuwa bado umeshika sahani.

"Kaka," alimnong'oneza, kama alivyomwita enzi za gereji, "huu si mzaha, sivyo?"

"Kula, dada."

"Nijibu kwanza."

"Walitaka mimi nibaki, maabara ifungwe. Nikawaambia wageuze: niondoke mimi, maabara ibaki. Mimi peke yangu ni ghali kuliko nyinyi wote."

"Na hukuniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Kwani wewe utafanya nini nyumbani? Hata mmea hujui kuumwagilia."

"Nitajifunza."

Shu-chen alikasirika, kisha akaona aibu, kwa sababu alichokuwa akikiomba kila asubuhi alikuwa amepewa. Hakuwahi kuuliza nani angekigharamia.

Vijana walikuwa tayari wanagombania mapaja. Akavuta bakuli la Tseng, ambalo halikuwa limeguswa, akalijaza supu ya moto, akakaa karibu naye mpaka alipoimaliza.