Mstari wa Bi Opal

Bi Opal Stidham, mtunza makumbusho ya mji wa Tackett's Ferry, alijua watalii hawaji kutazama mafuriko ya magotini. Basi kila alipopaka upya mstari wa kuonyesha kimo cha mafuriko ya zamani kwenye ukuta wa nje, aliupandisha kidogo, hadi ukakaribia dirisha la ghorofani.

Mwaka huu mto ukafurika kweli. Maji yalipofika kwenye kitasa cha mlango wa makumbusho, mpwa wake Delmer akaja na mashua.

"Shangazi, shuka! Utakufa maji!"

Opal akachungulia dirisha la ghorofani, akauona mstari wake mkavu kabisa, akasonya.

"Haya nayo ni mafuriko?"

"Mstari si uliupaka mwenyewe! Ngazi nilikushikia mimi!"

"Basi wewe ni shahidi. Rudi yakifika pale!"