Mkono wa Shati la Jusab

Hurbai hakupenda kitambaa kipya. Alitaka nguo za kazi zilizokwisha: magoti ya mfinyanzi, mabega ya mchunga ngamia, pale jasho lilipokula uzi. Alizichana, akazipanga, akazipiga bandi, zikawa mifarishi ambayo watu wa mjini Bhuj walikuja kuitazama, wasithubutu kuilalia.

Safari hii Champa, anayepita majumbani kubadilisha vyombo kwa nguo kuukuu, alimletea shati la Jusab, mtia rangi. Hurbai akalinusa. Nili tupu, ile rangi ya buluu. Akageuza mkono wa kushoto, na huko mwishoni akakuta mistari: wa kwanza mwepesi kama maziwa yaliyozidishwa maji, unaofuata umekolea kidogo, hivyo hivyo mpaka wa mwisho uliokaribia weusi.

"Haya si madoa," akasema.

"Wewe nawe! Rangi imemwagika, basi."

"Rangi ikimwagika hujipanga foleni?"

Champa akacheka, akajitwika kapu lake, akaondoka.

Hurbai akaushona ule mkono katikati ya mfarishi, mahali pa heshima. Hakuwahi kushona kitu kizuri kama kile. Lakini ile mistari haikumpa usingizi. Kulipokucha akaukunja mfarishi kwapani, akaenda kwa Jusab mtia rangi.

Alimkuta amechutama kando ya mtungi wa nili, uso umemvimba kwa hasira. Mkwewe, Sherbanu, alikuwa nyuma yake akitafuna ncha ya mtandio. Kambani vitambaa vimeanikwa, kila kimoja na buluu yake.

"Kaka Jusab, mbona hivi havipatani?"

"Muulize huyu, aliyeyatoa macho yangu akapewa bakuli!"

"Baba, shati lilikuwa limetoboka mgongo mzima," Sherbanu akasema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni tambara."

"Tambara! Kila rangi iliyonikubali niliichorea mstari pale mkononi, dada Hurbai. Kitambaa kibichi kinadanganya. Bila kukilinganisha na shati, ninabahatisha tu. Na tajiri aliyeagiza vitambaa hivi kasema vikitofautiana tena, kazi anaipeleka kwingine. Hatuna nyingine msimu huu."

Hurbai akaubana mfarishi. Hakuna aliyejua alichobeba. Angeweza kuaga na kurudi zake nyumbani, na moyo ulimwambia hivyo hasa. Lakini ulimi ukawahi.

"Na ule mstari wa tatu, kwa nini umepinda?"

Jusab akageuka polepole. "Umejuaje kama umepinda?"

Hurbai akaukunjua mfarishi mchangani.

"Umelikata!"

"Nimelishona," akajibu, kidogo kwa kiburi. "Nijibu kwanza."

Jusab akaupapasa ule mstari kwa kidole cha buluu, hasira ikampungua. "Marehemu mke wangu alinitania, nikacheka, mkono ukayumba."

Hurbai akaketi palepale, akaomba sindano, akaanza kufumua. Alifumua bandi moja moja, asije akauchana mkono, na kila uzi uliotoka ulimuuma. Katikati ya mfarishi pakabaki tundu, mchanga unaonekana.

Jusab akatumbukiza kitambaa, akakitoa kibichi, cha kijani kama nili itokavyo mtungini. Hurbai akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Kijani kikaanza kuondoka chenyewe, kuanzia kingoni, buluu ikiingia. Jusab akauweka ule mkono kando yake.

"Imefika kwenye mstari wa nne," Hurbai akanong'ona.

"Acha kipate hewa. Tunataka wa tano."

Wakangoja, vichwa vimegusana. Sherbanu naye akasogea. Buluu ikakolea, ikakolea tena, ikatulia.

"Wa tano," akasema Sherbanu, na safari hii Jusab hakubisha.