Milio Miwili ya Michenga

Kompyuta mpya ya Happyness ilifika kwa basi siku ya nane baada ya kumzika baba yake. Mwanangu Amedeus ndiye aliyeiagiza kutoka Morogoro akiwa hai, na jina lililoandikwa juu ya boksi lilikuwa lake. Konda alilisoma, akaangalia kitambaa cheusi kichwani kwangu, akavua kofia. Alilibeba boksi mwenyewe mpaka kwenye bajaji, ingawa abiria walikuwa wanamwita.

Kazi ya Amedeus ilikuwa vipimo vya maji ya mto. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, wasoma vipimo wa vituo vya Mchombe na Michenga walimtumia urefu wa maji kwa simu, na kompyuta yake ikapokea. Hakuwa akiizima hata mara moja. Umeme ukikatika, betri kubwa la sola lililoko sebuleni liliendelea kuilisha. Masika haya mto ulipanda mpaka nguzo ya kupimia ya Michenga ikaacha kuonekana, naye akaenda kuiangalia kwa mtumbwi. Aliniambia atarudi mchana, nimwekee wali na perege. Walimpata siku ya pili, kwenye matete.

Siku maiti ilipoletwa, shemeji yangu Wendelin, mdogo wa marehemu mume wangu, alifunga chumba cha Amedeus akaondoka na ufunguo kwenda kwake Lupiro. Ndivyo ukoo wetu unavyofanya. Chumba cha marehemu hakifunguliwi mpaka arobaini, ndugu wakae pamoja wagawane vitu mbele ya macho ya wote, asiwepo wa kusema fulani aliingia akachukua. Siku ile hakuna aliyewaza kwamba ndani kuna kitu kinawaka.

Happyness ni binti wa Amedeus, ana miaka ishirini, na nimemlea tangu mama yake alipoolewa Mlimba. Homa kali iliharibu masikio yake akiwa na miaka minne. Maneno anayasikia nusunusu, mengine anayasoma mdomoni mwa mtu. Baba yake alihangaika sana mpaka akampatia hedifoni kubwa zisizo na waya, zenye kupaza sauti, na akizivaa anasikia kama wewe na mimi. Kabla ya msiba alikuwa ameitwa kwenye usaili wa chuo cha maabara. Usaili wenyewe ulikuwa wa kwenye kompyuta, Alhamisi saa nne asubuhi. Barua ilisema atakayeshindwa kujibu siku hiyo, nafasi yake atapewa mwingine.

Hedifoni zikakataa kuungana na kompyuta mpya.

Nilimwita Ngusa, fundi wa simu na kompyuta kule stendi, baba wa watoto watatu, aliyekuwa rafiki wa Amedeus. Alivua viatu mlangoni ingawa nilimwambia aingie navyo, maana nje palikuwa tope tupu. Alikaa mkekani saa nzima. Aliwasha blututhi akaizima, akaiwasha tena. Alifuta jina la hedifoni kwenye orodha akaanza upya. Aliangalia chaji, akaiwekea kompyuta programu mpya.

"Ng'ombe ningejua anaumwa wapi," akasema. "Hiki kidude hakina hata macho ya kutazama."

"Wasukuma mnajua ng'ombe tu," nikamwambia, na wote wawili tukajaribu kucheka.

Alimjaribishia Happyness hedifoni za waya. Happyness akasema sauti inafika kama ya mtu anayeongea ng'ambo ya mto. Basi Ngusa akachukua vyote akaenda navyo dukani kwake, na baada ya muda akanipigia kwamba zimeungana mara moja, hazina tatizo. Alivirudisha. Happyness akavaa, na kompyuta mpya ikawa kama haijawahi kuziona.

Ngusa akazivaa mwenyewe, akazima, akawasha, akasikiliza huku amefumba macho.

"Bibi, kuna mwanamke humu ndani anasema kwa Kiingereza kwamba zimeungana. Sasa zimeungana na nini? Dukani zinakubali, hapa zinakataa. Hapa nyumbani kuna kitu kinazidaka kwanza."

Nilimtazama Happyness. Maneno yale aliyaona mdomoni mwa Ngusa, akainamisha kichwa, akaanza kukunja ncha ya khanga.

Ngusa naye aliona. Angeweza kumuuliza palepale. Alisema tu kwamba amesahau bisibisi dukani na atarudi kesho. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake, niliiona.

Ndipo nikakumbuka. Tangu tulipomaliza kulala msibani, kila asubuhi Happyness alikuwa akikaa sebuleni ameegemea ukuta wa chumba cha baba yake, hedifoni kichwani, na kompyuta mpya imefungwa kwenye boksi lake. Jioni vilevile. Nilidhani anajikinga na maneno ya watu. Sikumuuliza, maana mfiwa ana namna yake ya kukaa.

Jioni ile nilikwenda nikakaa karibu naye.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyotaniana, "unasikiliza nini?"

Alivua hedifoni akanivisha mimi, akanionyesha kwa kidole nisubiri. Nilisikia kimya cha mashine, kile chenye upepo kwa mbali. Kisha ukaja mlio mmoja, kama kijiko kimegonga kikombe. Baadaye kidogo ikaja miwili.

"Mmoja ni Mchombe," akasema. "Miwili ni Michenga. Baba aliweka hivyo ili akiwa nje ajue nani ametuma. Kompyuta yake bado inapokea, Bibi."

"Na fundi ulimficha."

"Nilijua akijua atasema izimwe."

Nilikuwa namuwaza anayetuma ile milio miwili. Nguzo ya Michenga inasomwa na mzee Fulgensi. Ndiye aliyemkuta Amedeus kwenye matete na kumfunika kwa shati lake mwenyewe. Anajua kabisa kwamba mtu wake hayupo. Na tangu nguzo ilipoonekana tena, kila asubuhi na jioni anakanyaga tope mpaka nguzoni, anasoma, anatuma palepale. Labda hakuambiwa atume kwa nani mwingine. Labda aliambiwa.

Kesho yake, Jumatano, Ngusa alirudi, na Happyness akamweleza yote mwenyewe. Ngusa alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mdogo wangu, kwa nini tusiende dukani kwangu?" akasema, kisha akajijibu. "Hapana. Mtandao wa simu tangu mafuriko unasuasua, picha zinaganda. Intaneti ya kuaminika ni hii ya antena ya Amedeus hapa juu ya bati. Na pale stendi kuna mashine mbili za kukoboa mpunga."

Nikampigia Wendelin.

"Shikamoo, shemeji," akasema.

"Marahaba. Nakuomba ufunguo, shemeji. Dakika mbili tu. Tuzime kompyuta, tufunge."

"Barabara ya huku imeliwa na maji. Na hata ningekuwa hapo usingeupata. Kesho ndugu wataniuliza saa ya Amedeus iko wapi, nitajibu nini?"

"Jibu kwamba anayo mama yake."

Alicheka kidogo.

"Shemeji, yule mtoto nilimbeba mabegani," akasema. "Niache hizi siku zilizobaki. Sijawa tayari kukiona kitanda chake."

Nilimuelewa. Hata mimi sikuwa tayari.

Ngusa alikuwa amesimama mbele ya betri. Pale ukutani kuna kiboksi chenye swichi tatu, moja ya sebule, moja ya jikoni, moja ya chumba cha Amedeus. Yeye ndiye aliyezifunga.

"Mlango hauna haja ya kufunguliwa," akasema taratibu, akigeuza uso ili Happyness auone mdomo wake. "Betri ya ndani ya ile kompyuta ilivimba mwaka jana, nikaitoa. Inaishi kwa waya tu. Ukizima swichi hii, inakufa hapohapo, na hedifoni zitakuwa huru. Lakini niwaambie ukweli wote. Haitajiwasha, kitufe kiko ndani. Na hata siku mtakapofungua, itadai neno la siri. Mimi nimeitengeneza mara mbili, na kila mara aliliandika mwenyewe nami nimegeukia ukutani. Hakuna anayelijua."

"Kwa hiyo ikizima ndiyo basi," Happyness akasema.

"Ndiyo basi."

Aliondoka bila kutuambia tufanye nini. Namshukuru kwa hilo.

Siku ile Happyness hakula. Niliweka sahani ya wali mbele yake nikaiondoa, nikaiweka tena jioni ilipofika. Aliniuliza kama ni dhambi. Nikamwambia sijui, lakini ile kompyuta mpya baba yake hakuinunua ikae kwenye boksi. Akasema, "Najua, Bibi. Ningejua hivyo tu, nisingeumia."

Alhamisi asubuhi alivaa hedifoni kabla ya saa kumi na mbili. Mchombe ilikuja mapema. Michenga ilichelewa, na nilimuona ameshika magoti kwa mikono miwili, macho yameganda mlangoni. Kisha uso wake ukalegea. Alininyooshea vidole viwili.

Saa tatu Ngusa alifika na kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwa mama yake, Mbuke. Huyo mama hatujawahi kuonana. Alituma ujumbe kwamba mtu akienda kuulizwa maswali asiende na njaa. Happyness akanywa, kidogo kidogo, akamaliza kikombe.

Ngusa akaweka kompyuta mezani, akaiunganisha na intaneti, akajaribu hedifoni kwa mara ya mwisho. Zikakataa. Akarudi hatua mbili nyuma, akatazama sakafu.

Happyness alisimama mbele ya kiboksi cha swichi. Aliinua mkono, akaushusha. Akauinua tena, akaushusha tena.

"Njoo ukae," nikamwambia. "Meza hiyo hapo."

Nikazima mimi. Niliyemzaa ni mimi, basi mkono na uwe wangu. Mtoto asije akafika umri huu wangu anakumbuka kwamba ni yeye.

Swichi ililia kidogo tu. Nyuma ya mlango kulikuwa na mvumo wa feni ambao sikuwahi kujua kwamba nausikia, mpaka ulipokoma.

Ngusa akawasha hedifoni, akabonyeza kompyuta mara moja. "Tayari," akasema, kwa sauti ya chini kama yuko kanisani.

Saa nne kamili watu watatu walitokea kwenye kioo. Mmoja wao, mama mwenye miwani, aliongea haraka, na Happyness akajibu haraka. Maswali aliyasikia yeye peke yake; baadaye alinisimulia kwamba walimuuliza kuhusu damu, kuhusu hadubini, kuhusu namna ya kuosha vyombo vya kioo. Hakuwaomba warudie hata swali moja. Mwishoni yule mama akamuuliza kama nyumbani wanaunga mkono masomo yake. Akasema ndiyo. Akamuuliza baba anafanya kazi gani. Happyness akasema, "Anapima maji ya mto." Hakusahihisha, nami sikumlaumu. Wakamwambia amejibu vizuri, watampigia simu wiki ijayo.

Ngusa alimpa mkono, akanipa na mimi, akaondoka akikokota baiskeli. Hakuipanda mpaka alipofika barabarani.

Mchana nilirudisha swichi juu. Sijui kwa nini. Ngusa alishatueleza, na mimi si mtoto.

Jioni Happyness alikuja akaegemea ukuta uleule, hedifoni kichwani. Nilijua anajua. Nilikaa pembeni yake na ungo wangu wa mchele nikaanza kuchambua, ili asikae peke yake na nisionekane nimekaa kumchunga. Saa kumi na mbili ilifika. Ikafika na robo. Nje mvua ilianza tena juu ya bati.

"Bibi, swichi ya chumba iko juu?"

"Iko juu."

Akatikisa kichwa. Alingoja mpaka saa kumi na mbili na nusu, kisha akavua hedifoni, akazifuta kwa khanga, akazilaza kwenye boksi la kompyuta mpya.

"Leo sijui mto umefika wapi," akasema.

Na mimi sikujua.