Vidole Vinne

Gari la Bibi Ernestine lilikuwa Mercury Grand Marquis ya mwaka themanini na nane, rangi ya krimu, paa limevikwa ngozi ya bandia ya kahawia, na urefu wake futi kumi na nane kasoro inchi mbili. Gereji ya nyumbani kwake ilikuwa futi kumi na saba. Siku marehemu Babu Clevester alipolileta, majirani walitoka nje kuangalia atafanyaje, wengine wanacheka kabisa. Yeye hakubishana na mtu. Aliyemimina chuma cha injini kiwandani miaka thelathini hawezi kwenda kununua kigari kifupi eti kwa sababu ya banda. Alichukua msumeno, akatoboa ukuta wa nyuma wa gereji, akapigilia sanduku la mbao lililochomoza uani kama pua, na boneti ikapata pa kulala.

Halafu akafunga mpira wa tenisi kwenye kamba, akauning'iniza kwenye boriti. Unaingia polepole, mpira ukigusa kioo cha mbele chini ya kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma, unakanyaga breki. Hapo mbele vinabaki vidole vinne kati ya bampa na mbao, na nyuma vidole vinne kati ya bampa na mlango. Babu alipima kwa mkono wake mwenyewe.

Babu alikuwa amekufa miaka tisa sasa, na Bibi alikuwa na miaka themanini na moja, lakini mpira ulikuwa palepale na gari lilikuwa linaingia palepale. Kila Jumapili Bibi alilitoa akazunguka mitaa ya mashariki ya mji wa Saginaw kuwabeba akina mama watano wa kanisa. Gari la watu sita kwelikweli: gia iko kwenye shingo ya usukani, kiti cha mbele ni kimoja kirefu kama kochi, watatu mbele, watatu nyuma, na kofia zao za Jumapili zote bila kubonyea. Kanisa lilikuwa na basi dogo, ila akina mama walishasema mlango wake uko juu kama dirisha na dereva wake anaendesha kama amebeba viazi.

Rondell, mjukuu wake, alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule alimaliza mwaka jana, akawa anapakia mizigo kwenye duka kubwa huku anafikiria mambo mengine kumi, na anakaa kwa Bibi. Kwa hilo gari alikuwa mgonjwa wa mapenzi. Kila Oktoba, kabla hawajaanza kumwaga chumvi barabarani kwa ajili ya theluji, alilala chini yake akalipulizia oili tumbo zima, kama Babu alivyomfundisha, ndiyo maana chuma kilikuwa bado kizima wakati magari ya mwaka huo mtaani kwao yote yalishaliwa na kutu. Lake mwenyewe lilikuwa kigari kidogo chekundu, Bibi alikiita kiatu.

Sasa, Jumamosi ya mwisho wa Septemba mvua ilinyesha, na Rondell alitaka kubadilisha pedi za breki za kiatu chake. Akalitoa gari la Bibi, akaliacha nje lilale hukohuko, akakiingiza chake gerejini. Kila akiinuka, mpira unampiga kwenye paji la uso. Mara ya nne akauchomoa, akautupa pembeni. Alipomaliza akaurudisha kwenye msumari. Boriti ile ilikuwa na misumari mingi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku akina mama wanavaa nyeupe tupu. Rondell alikuwa jikoni na shangazi yake Yvonne, binti wa Bibi, aliyekuja kutoka mji wa Southfield kula nao chakula cha mchana. Kuku walikuwa wanakaangwa. Wakasikia gari linaingia uani, mlango wa gereji unapanda, halafu mbao zinapasuka.

Wakakimbia. Pua ya gari ilikuwa imetokeza upande wa pili, imesimama juu ya nyanya za Bibi, taa moja imevunjika. Ndani, Bibi amekaa na kofia yake nyeupe, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Mama, umeumia?" Yvonne akauliza.

"Mpira uligusa, nikasimama."

"Mama, umetokea kwenye bustani."

"Nakwambia mpira uligusa, Yvonne. Mimi si mlevi."

Mezani hakuna aliyegusa kuku. Yvonne alikuwa na hotuba ambayo ameibeba miaka miwili, siku hiyo akapata pa kuitua. Aliongea taratibu, hakumkosea mama yake adabu. Leo ni ukuta wa gereji, je, kesho ikiwa mtoto kwenye baiskeli? Je, na wale akina mama watano, mmoja wao akivunjika nyonga, nani atakwenda kuwaambia watoto wake?

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akafungua mkoba wake mweupe, akatoa funguo, akaziweka pembeni ya sahani ya mkate wa mahindi.

"Labda mguu ulichelewa," akasema.

Rondell alikuwa hajawahi kumsikia Bibi akisema labda.

"Gari achukue Rondell," Yvonne akasema. "Tangu zamani ndiye analihangaikia. Jumanne mwende ofisi ya leseni mkabadilishe jina."

Rondell akaangalia sahani yake. Usoni alikuwa na huzuni ya kutosha, ila chini ya meza miguu ilikuwa haitulii.

Jumatatu hakuwa na zamu. Akanunua taa, akaifunga, akatoka na gari. Usimwambie mtu lile gari linakimbia, halikimbii. Linaelea. Ukipita kwenye shimo, shimo unalisikia kama habari za watu wengine. Alizunguka barabara ya kando ya mto mara mbili, mkono mmoja dirishani, mwingine kwenye usukani kwa kidole kimoja, kila mzee anayepishana naye anainua kidevu kumsalimia. Alijiona ameshamaliza maisha, kilichobaki ni kufurahi.

Kwenye kituo cha mafuta alimkuta Bwana Purvis, shemasi wa kanisa lao, anafuta kioo cha gari lake.

"Hilo si la Clevester?"

"Langu sasa, mzee."

"Haya. Na Ernestine anaendesha nini?"

"Amepumzika. Jana aligonga gereji."

Bwana Purvis akaendelea kufuta. "Ernestine? Kwenye ile gereji?"

"Ndiyo."

"Miaka thelathini na ushee bila mkwaruzo," akasema Purvis, kama anasoma bei kwenye mashine ya mafuta. "Kwa hiyo akina mama utawabeba wewe Jumapili?"

Rondell akasema tutaona, akaondoka.

Saa kumi jioni alilirudisha nyumbani. Akaingia gerejini polepole kama alivyoona Babu akifanya, mpira ukagusa kioo, akakanyaga breki, akashuka. Boneti ilikuwa imetoka nje ya tundu la mbao zilizovunjika, futi nzima. Vidole vinne havikuwepo, hata kimoja.

Akainua macho. Mpira ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wenye kutu. Nyuma yake, futi moja na ushee kuelekea mlangoni, kulikuwa na msumari mwingine, mweupe, uliong'arishwa na kamba miaka yote ile. Ulikuwa mtupu.

Alisimama pale mpaka taa ya gereji ikajizima yenyewe. Hakuugusa mpira. Aliingia ndani, akala wali na maharage na soseji, akaongeza, akaongeza tena. Bibi alikuwa kwenye simu na Mama Lucille, mkubwa wa wale watano.

"Hapana, basi la kanisa siyo baya," Bibi alikuwa anasema. "Ukimwomba dereva anaweka kigoda... Najua, Lucille. Najua. Hata mimi nitapanda."

Alipokata simu akaenda dirishani. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaangalia gari la jirani ng'ambo ya barabara, akawa anasoma namba zake kwa sauti ndogo. Akabadilisha jicho. Akasoma tena. Mara zote mbili alipatia, lakini alivyokaa chini hakuonekana kama mtu aliyepatia.

Rondell akaenda kulala mapema. Usingizi ulikuja, tusidanganyane, tumbo lilikuwa limejaa.

Asubuhi ya Jumanne Bibi alikuwa ameshavaa koti, kadi ya umiliki wa gari iko kwenye mkoba, na kalamu ya kusainia ameshaijaribu kwenye gazeti.

"Twende kabla foleni haijawa ndefu," akasema.

"Bibi, njoo kwanza gerejini."

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Akamsimamisha chini ya boriti, akamwonyesha kwa kidole. Msumari wenye kutu, mpira. Msumari mweupe, hakuna kitu. Akamwambia habari ya Jumamosi, mvua, pedi za breki, kichwa kugongwa. Alimwambia haraka haraka, macho yako kwenye viatu.

Bibi akainua macho. Akanyoosha mkono kuufikia ule msumari mweupe, haukufika, akaushusha.

"Kumbe mguu wangu haukuchelewa," akasema.

"Hapana, Bibi."

"Umejua lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Kabla ya chakula."

"Kabla."

"Ukala maharage yangu?"

"Nilikula."

"Ukaongeza?"

"Mara mbili."

Bibi akatikisa kichwa. "Nyie watoto mna matumbo magumu. Mimi usiku kucha najiuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa, wewe unaongeza soseji." Akanyoosha kiganja. "Lete funguo. Halafu mpigie shangazi yako, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nitasimama hapa nisikie."

Yvonne alisikiliza mpaka mwisho, kama mama yake. Halafu simu ikatoa sauti yake: "Sawa. Lakini bado ana miaka themanini na moja."

"Na wewe una hamsini na sita," Bibi akasema kutoka nyuma, "na mwezi uliopita nani alipigwa faini ya mwendo kasi?"

"Mama, hilo ni jambo lingine."

"Ni jambo la barabara."

"Jumapili nakuja. Nitakufuata nyuma kwenda na kurudi. Nikiona kitu kimoja tu, Mama, kimoja, tunarudi mezani."

"Njoo na njaa," Bibi akasema.

Siku nne zilizobaki Rondell alikuwa fundi seremala. Alinunua mbao kwa mshahara wake, akajenga sanduku upya, akalipaka rangi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Bibi alisema inaonekana kama banda la sungura. Nyanya zilizokanyagwa akaziokota zile za kijani, zikakaangwa. Ule msumari wenye kutu akaung'oa. Akang'oa na mingine yote kwenye boriti, ukabaki mmoja.

Jumapili gari la krimu lilirudi saa nane mchana, Yvonne nyuma yake hatua kumi. Akina mama wote watano walikuwa bado ndani. Mama Lucille alisema hashuki kwake mpaka aone mwenyewe.

"Shukeni basi hapa uani," Bibi akasema. "Mkiwemo linakuwa zito, linaingia vibaya."

Wakashuka mmoja mmoja, wakasimama kwenye majani na mikoba yao. Rondell akaingia gerejini, akajibana pembeni kwenye ukuta. Boneti ikaja polepole, ikampita, ikaingia kwenye sanduku. Mpira ukagusa kioo. Gari likasimama.

Rondell akainama kuweka mkono, lakini Yvonne alikuwa ameshafika, na viatu vyake vya kisigino, akamsukuma pembeni. Akapitisha mkono wake kati ya bampa na mbao mpya, akaubana pale.

"Vingapi?" Mama Lucille akauliza kutoka nje.

"Vinne," Yvonne akasema. Halafu akaenda nyuma, akashusha mlango wa gereji nusu, akapima na huko. Alichukua muda kidogo.

"Vinne," akasema tena, na akaupandisha mlango.

Bibi hakushuka. Akateremsha kioo. "Rondell, litoe gari la shangazi yako pale njiani, nataka kuwarudisha hawa kwao, kuku wao wanakauka."

"Naweza kukupeleka, Bibi."

"Utakaa wapi?" akasema, na akaweka gia ya kurudi nyuma.