Kupe wa Mfalme Nyani

Kima wa ng'ambo ya korongo anaapa kwamba hili hakusimuliwa na mtu. Alikuwepo palepale, amening'inia juu ya baraza la Mfalme Nyani akijifanya tawi. Jirani huyu hutia chumvi, tunamjua, lakini hili hata angelipunguza nusu lingebaki vilevile.

Katika ufalme ule, anasema, hakuna aliyefungua kinywa barazani kabla hajamtoa Mfalme kupe mmoja na kumpasua kwa kucha, wote wasikie. Ndiyo heshima yenyewe. Aliyetoa kupe husema, asiyetoa husikiliza. Zamani kupe walikuwa wachache, na hotuba zikawa chache, na watu wakaishi.

Halafu Waziri Ngedere na Jemadari Mbega wakaanza kugombea kusikilizwa, kupe wakaisha. Waziri, mwenye akili zake, akawa anakuja nao kutoka nyumbani, kwapani. Asubuhi anamkumbatia Mfalme, "Shikamoo, Mtukufu!", huku anampandikiza wawili mgongoni. Mchana anamtoa mmoja na kuhutubia. Jemadari alipomgundua hakumshtaki. Alileta watano.

Mfalme akawa anajikuna mpaka taji linaanguka.

"Jamani," akasema siku moja, "mimi nikaoge kisimani."

Mfalme akitakata, nani atasema tena?

"Maji yale yana sumu, Mtukufu," akasema Jemadari, akipasua kupe.

"Sumu kali," akaongeza Waziri, akapasua wake.

Tangu wazaliwe hawakuwahi kukubaliana. Kisima kikazibwa kwa miiba siku hiyohiyo, na walinzi wenye marungu wakakizunguka.

Bi Tumbili alikuwa na mtoto mchanga. Kiangazi kilipokaza, maziwa yakamkauka kifuani. Mtoto alilia, kisha akaacha kulia, akawa anatazama tu. Hapo ndipo mama alipomweka begani akaenda barazani.

"We mama, rudi nyuma!" Waziri akafoka. "Huoni foleni?"

"Naiona, baba. Ina watu wawili, na wote mmeng'ang'ania bega moja."

"Bega la kulia ni langu," akasema Jemadari.

"Lako tangu lini? Wewe si jana ulikuwa mkiani?"

"Rudia!"

"Mkiani!"

Wakashikana masikio, wakabiringika mpaka chini ya kiti cha enzi. Bi Tumbili akawaruka kama anayeruka dimbwi, akapeleka mkono nyuma ya sikio la Mfalme, akatoa kupe mnene kama harage. Akampasua. Kila mtu akasikia, hata Kima kule juu.

Desturi ni desturi. Wakamwacha aseme.

"Mtukufu, mimi sina hotuba. Naomba kisima kifunguliwe. Mwanangu anakufa kwa kiu."

Akamtazama Mfalme. Kichwa kilikuwa kimeinama, mdomo wazi, fizi nyeupe pee. Bi Tumbili akamgusa mkono.

"Huyu amefariki," akasema. "Ameishiwa damu."

"Koma!" akasema Waziri. "Mfalme anatafakari."

"Anatafakari kwa kina," akasema Jemadari, akijipangusa vumbi, "na akimaliza ataniita mimi."

"Akuite wewe una nini?"

Hakuna aliyetazama chini. Kupe hakai kwenye damu iliyopoa, na hawa walikwisha kuanza kushuka, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakivuka mkeka wa baraza. Wengine walikwenda kwa Waziri, wengine kwa Jemadari, bila upendeleo.

Waziri akajikuna paja. Jemadari akajikuna shingo. Mara wakawa wanajikuna kwa mikono na miguu, kila mmoja akimgeuzia mwenzake mgongo.

"Hebu nitoe huyu hapa, ndugu yangu."

"Nitoe wewe kwanza."

Na hakuna aliyenyoosha kidole, maana pale anayetolewa kupe ndiye mfalme.

Bi Tumbili alikuwa bado amesimama. Mtoto alikuwa amelaza kichwa shingoni mwake, mzito kuliko alivyokuja.

"Basi kisima anafungua nani?" akauliza. "Waheshimiwa? Nasema kisima."