Jogoo wa Petro Kwenye Lango la Pengwini

"Hilo joka haliingii hapa."

"Joka gani? Hii haiko joka. Iko jogoo."

"Mama, jogoo ana pembe?"

"Pembe iko wapi? Kile kiko kilemba."

"Na huo moto mdomoni?"

"Anawika."

Josué aliyasikia yote akiwa ndani ya vazi la pengwini, na kama kungekuwa na shimo bora la kujificha kuliko hilo, angeingia. Aliyesema joka ni Shamez, msimamizi wake, kijana wa mtaa wa Flemingdon Park mwenye digrii ya biashara na kibeji kifuani kinachong'aa kama jino la dhahabu. Aliyesema jogoo ni Mama Donatienne, mama mzazi wa Josué, kiongozi wa kwaya. Nyuma yake kwaya nzima ilikuwa imejipanga ndani ya sare mpya, kijani na dhahabu, joka moja kwenye kila kifua, moja mgongoni na jingine kwenye kila kalio. Hata Papa Bonaventure, mpiga ngoma, alishonewa shati na kofia. Alionekana kama pazia lililopata miguu.

Sasa, ili mtu aelewe ni kwa nini kitambaa kinazuiwa langoni kama bomu, lazima aijue vita yenyewe.

Kaskazini ya Toronto, barabara kuu ikishatoka mjini, kuna paki mbili za starehe, zile za mabembea makubwa na treni za kupinduka, zinatazamana kama wake wenza. Zamani zilishindana kwa mambo ya maana: nani ana treni inayopinduka zaidi, nani anatapisha watu haraka. Halafu sinema zikaingia kati. Paki ya ng'ambo ikanunua haki za Zoraku, joka la kijani lenye taji. Filamu zake zimefika sita, zote ni ileile, wanaongeza moto tu. Paki ya Josué ilichelewa sokoni, ikakuta kilichobaki ni Kapteni Barafu, pengwini anayeruka angani kuokoa dunia. Pengwini! Ndege ambaye Mungu mwenyewe alimwambia, wewe bwana tembea. Filamu ya kwanza watu walicheka. Ya pili walipiga miayo. Ya tatu hata wazazi wa waigizaji hawakwenda.

Lakini mkataba ni mkataba. Joka likijengewa mnara, pengwini anajengewa mrefu zaidi. Kule wakiuza soda ya kijani, huku wanauza ya bluu, sukari ni ileile na kisukari ni kilekile. Wafanyakazi wakakatazwa kutamka neno joka. Tunda la joka likaondolewa kantini, kosa lake jina. Mwaka Mpya wa Kichina, wachezaji waliambiwa karibuni sana, tunapenda mila zenu, ila lile joka lenu la mababu mtufanyie pengwini. Hawakuonekana. Na sheria kubwa kuliko zote: mgeni mwenye picha ya Zoraku havuki lango. Watoto wakavuliwa kofia huku wanalia. Baba mmoja mwenye chale ya joka mkononi alibandikwa plasta mpaka kiwikoni, akazunguka paki nzima kama majeruhi.

Katika jeshi hilo tukufu Josué alikuwa Pengwini wa Pili. Siyo Kapteni. Kapteni alikuwa jamaa mmoja mrefu aliyesomea uigizaji. Pengwini wa Pili ni yule ambaye kwenye filamu anakufa kabla watu hawajamaliza kutafuta viti vyao. Kazi yake ni kusimama langoni katikati ya Julai, kupunga mabawa na kukumbatiwa na watoto wenye mikono ya aiskrimu. Haruhusiwi kuvua kichwa mbele ya wageni. Na haruhusiwi kusema. Josué aliacha shule kwa sababu kukaa kimya kulimshinda, sasa analipwa kukaa kimya ndani ya godoro. Mungu naye ana utani.

Alichokitaka yeye ni Ngurumo. Ile treni kubwa. Dereva wake anakaa kwenye kibanda cha kioo, feni inampuliza, vifungo viko mbele yake. Anabonyeza kimoja, watu wazima wanaita mama zao. Josué alikuwa ameomba hicho kiti mpaka maombi yakachacha. Halafu mwezi uliopita Shamez akamvuta pembeni.

"Siku ya Mataifa inakuja," alimwambia. "Wale wa ng'ambo wamepata ngoma za Wafilipino na za Wapunjabi. Sisi Afrika hatuna hata mtu. Wewe niletee kwaya ya mama yako, Jumatatu yake unatoka kwenye pengwini, unakaa Ngurumo."

Kwaya ilikubali kabla Josué hajamaliza kueleza. Tatizo ni kwamba kwaya ya Kikongo haiendi mahali bila sare, hata ikialikwa kuzimu. Mama Donatienne na Mama Aurore wakapanda basi mpaka duka la vitambaa kule Scarborough, wakakuta robota moja la kijani linalong'aa, wax safi, yaani kitenge chenyewe, bei ya huruma. Muuzaji alijua ni kwa nini bei ni ya huruma. Kitambaa kilichapishwa mbali huko, na aliyechapisha hakumwomba mtu ruhusa. Akina mama wangejuaje? Sinema wanazoangalia ni za Kinaijeria, na humo nyoka hana mabawa.

Tena kwao kitambaa kizuri lazima kipewe jina kama mtoto. Hawavai tu maua, wanavaa Jicho la Mke Mwenza. Basi wakakitandika hiki mezani nyumbani, mtaa wa Crescent Town, wakakizunguka. Mama Aurore akainamisha kichwa, akasema, huyu amefungua mdomo, ana kilemba, ana mkia, huyu iko jogoo. Mwingine akadakia: Jogoo wa Petro! Vigelegele. Pasta akakiwekea mkono. Na Josué? Josué alipita hapohapo na sahani yake ya sombe, majani ya muhogo, akaona kijani, akaenda kulala.

Sasa ndiyo hivyo, yuko langoni.

"Mama, mimi nakuheshimu," Shamez alikuwa anasema. Kiswahili chake alikipata kwa nyanya yake wa Mwanza, kwa hiyo hata akifukuza mtu anamfukuza kwa adabu. "Shikamoo nilikupa, sikukupa?"

"Ulinipa. Sasa nipe na mlango."

"Basi geuzeni. Vaeni ndani nje."

Mama Aurore akashika pindo la sketi yake, akaligeuza. Upande wa pili joka lilikuwa palepale, linawaka vilevile.

"Hii ni wax, mwanangu," alimwambia. "Haina nyuma. Haiko kama watu."

Shamez akakimbia, akarudi amekumbatia makoti ya mvua ya plastiki, ya bluu, yana sura ya Kapteni Barafu mgongoni. Jua lilikuwa linachoma lami mpaka inanuka.

"Mtavaa haya juu. Mkimaliza kuimba, mnayachukua, zawadi."

Papa Bonaventure akalinyoosha moja, akalitazama. "Hii najua. Sisi kwetu inatoka nje na takataka kila Jumanne."

"Sare haifunikwi," Mama Donatienne alisema. Hakupandisha sauti. "Kuna watu humu walishonewa na wenzao kwa sababu hawakuwa na uwezo. Tulivaa sawa ili tuonekane sawa. Ukifunika sare, umemkana mwenzako."

Foleni nyuma yao ilikuwa imekuwa ndefu, na simu zimeshatoka mifukoni. Mtoto mmoja wa kike akajichomoa kwa baba yake, akapiga kelele "Zoraku! Zoraku!", akaenda kuikumbatia sketi ya Mama Aurore kwa mikono miwili. Josué alikuwa amesimama pale tangu asubuhi. Yeye mkumbatiaji wake wa mwisho alikuwa mlevi.

Kutoka ndani likaja gari dogo la umeme. Alishuka Bi Colleen, meneja mkuu, miwani ya jua juu ya kichwa, tabasamu la kazini. Huyo Kiswahili hajui, ila kwa Kiingereza alichosema kila mtu alikielewa.

"Nani amewaleta hawa?"

Shamez akatazama viatu vyake. "Ilikuwa... ofisi ya jamii."

"Ofisi ipi?"

Shamez akaanza kuyahesabu makoti ya mvua.

"Huyo ndege!" Mama Aurore akaruka mbele na Kiingereza chake cha nyumba ya wazee, kile cha kuwaambia watu wameze dawa. "Ndege ni mtoto wetu! Yeye ametualika! Huyu ni mama yake!"

Bi Colleen akageuka taratibu. "Wewe," akamwambia pengwini. "Hawa ni watu wako?"

Ndani ya kichwa cha pengwini mtu anaona kupitia mdomoni. Kuna wavu pale, na ule wavu ulichanika mwezi wa tano, na aliyeushona ni Mama Donatienne, usiku mzima sebuleni, pengwini amelala mapajani mwake kama mgonjwa. Kwa hiyo alijua hasa macho ya mwanawe yanakaa wapi. Alikuwa anayatazama hayohayo. Alikuwa amepaka wanja. Alikuwa na tabasamu dogo la mtu aliyeona basi lake linakuja.

Juu ya ukuta Ngurumo ikapita, watu wakaita mama zao. Kibanda cha kioo kikameremeta. Josué akafikiria Jumatatu. Akafikiria feni. Akafikiria kwamba mama ni mama, jioni atampikia tu, atamweleza, atacheka. Na kwamba pengwini hasemi, ndiyo sheria. Ile sheria aliyoichukia miezi yote, ghafla akaiona ni ya busara kabisa, imeandikwa na watu wenye akili.

Akatikisa kichwa.

Ubaya ni kwamba kichwa cha pengwini hakitikisiki kidogo. Kilikwenda kushoto kama lango, kikarudi kulia kama lango, mdomo mrefu ukipita mbele ya kwaya yote ili asiwepo atakayesema hakuona.

"Una hakika?" Bi Colleen alisema. "Huyu bibi anasema yule ni mama yako."

Kushoto. Kulia.

Kutoka nyuma ya ngoma, Papa Bonaventure akanyoosha shingo, akafumba macho, akaachia kwa pumzi yake yote:

"Kokolikooo!"

Foleni ikalipuka kwa makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Mtu akauliza litarudiwa saa ngapi.

"Vizuri," Bi Colleen alisema, tabasamu limerudi kazini. "Watolewe kwa heshima. Na wewe," akapiga bega la pengwini, "nimependa. Hukutoka kwenye uhusika." Akapanda gari lake dogo, akaondoka akipunga mkono.

Shamez akasogea karibu na wavu, akanong'ona, "Jumatatu, Ngurumo. Nilikuahidi." Ila hakumtazama.

Simu ya Papa Bonaventure ikalia. Akaisoma, akainua nyusi. "Wale wa ng'ambo wameona video, wameandika kwenye ukurasa wa kwaya. Wanasema tuvuke barabara, tunaingia bure wote, jukwaa lipo, na chakula."

"Eh! Kwa nini?" Mama Aurore aliuliza.

"Kwa ajili ya joka."

Mama Donatienne akageuka. "Kwa hiyo iko joka kweli?"

"Iko joka, Mama Donatienne. Lina filamu sita."

Mama Donatienne akainama, akalitazama lile lililo kifuani kwake, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya hospitali. Akashusha pumzi.

"Basi tulivaa Shetani tukamwita jogoo. Hilo ni kosa la macho, Mungu anasamehe. Lakini kumwimbia? Hata kwa pilau, hapana. Twendeni nyumbani."

Kwaya ikaanza kukusanya ngoma na mifuko. Mama Aurore alimwachia yule mtoto kitambaa chake cha kichwani, kwa kuwa alikataa kuachia sketi bila malipo. Josué alitaka kuvua kichwa. Zipu iko nyuma, peke yako huifikii, lazima mtu akufungulie. Akainua bawa kumwita Shamez. Shamez alikuwa anapanga upya foleni. Mwanamke mmoja akaliona lile bawa juu, akapiga picha, akapunga naye.

Mama Donatienne akaja mpaka mbele ya pengwini. Mkononi alikuwa na bakuli la plastiki lenye kifuniko chekundu, lile la kila siku. Aliona alama ya aiskrimu kwenye tumbo jeupe, akaipangusa kwa ncha ya kitenge chake cha joka, mara mbili, mpaka ikatoka.

"Pole na joto, bwana ndege," alimwambia, kwa ile sauti ya heshima anayowawekea watu wa benki. "Nilibeba chakula cha mutoto wangu. Alisema anafanya kazi hapa. Nimeuliza, lakini hakuna anayemjua."

"Mama," Josué alisema. Godoro likaimeza sauti.

Mama Donatienne akarudisha bakuli mfukoni, akafunga mfuko fundo. Akageuka, akaenda zake kuelekea kituo cha basi, na mgongoni kwake jogoo alikuwa amefungua mdomo.